Tela imegoma au haishiki? Kutafuta ubovu wa breki za upepo ukiwa njiani kati ya Dodoma na Rusumo

Simu za namna hii huingia usiku zaidi kuliko mchana. "Shikamoo mzee. Niko Benaco hapa, breki za tela zimekufa." Naitikia marahaba, halafu namuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: zimekufaje, tela imekataa kuondoka au imekataa kusimama? Wengi huona swali hilo ni la kumaliza salio bure. Lakini ndilo linaloigawa kazi yote mara mbili, na kinachotafutwa upande mmoja hakifanani na cha upande wa pili.

Niliendesha semi kwenye barabara ya kati miaka kumi na mitano kabla sijafungua gereji hapa Kizota, Dodoma. Dar, Morogoro, Gairo, Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega, Kahama, Rusumo, kisha Kigali au kuendelea hadi Bukavu. Ninayoyaandika hapa ni ya dereva aliye porini na utingo wake, mwenye spana chache na tochi ya simu. Mwenye shimo la gereji na kompyuta ana njia zake.

Kwanza tuelewane kuhusu busta, ambayo wengine huiita chemba. Busta ya tela yenye springi ina vyumba viwili. Chumba cha mbele hupokea upepo unapokanyaga pedali, kikasukuma fimbo, fimbo ikasukuma slaki (mkono wa chuma unaorekebisha breki), slaki ikazungusha kamshafti, na viatu vya breki vikabana dramu. Chumba cha nyuma kina springi nzito iliyokandamizwa na upepo muda wote gari linapotembea. Upepo ukiondoka, springi inafunguka na kuisukuma fimbo ile ile. Mpira mwekundu ndio unaoleta upepo wa kujaza mitungi ya tela na kuibana springi. Mpira wa njano unapeleka amri ya mguu wako tu. Utingo wangu nilimfundisha kwa maneno manne: mwekundu hufungua, njano hufunga.

Ndiyo maana tela iliyogoma katikati ya barabara mara nyingi haijaharibika breki. Imepoteza upepo na imefanya ilichoundwa kufanya. Inakera, inakuchelewesha, tajiri anapiga simu kila baada ya nusu saa, lakini haitamuua mtu. Tela ya kuogopa ni ile inayotembea laini, haivuji hata tone la upepo, na inapofika mteremkoni inakisukuma kichwa, yaani gari la mbele linaloivuta, kama ng'ombe anayesukumwa zizini. Madereva wengi wanahangaikia ya kwanza na kuisamehe ya pili. Nataka tubadilishe hapo.

Kabla ya kuingia chini

Toa gari nje ya lami kadiri inavyowezekana, tafuta tambarare. Pembetatu mbele na nyuma. Matawi tunayoyatumia sisi ni ya msaada tu, usiku hayaakisi taa, na ukimaliza yaondoe. Nimeona pikipiki ikianguka kwa matawi ya gari lililoondoka tangu jana yake. Halafu kabari, tena za maana, mbele na nyuma ya matairi ya kichwa na ya tela. Utakuwa unaifungua na kuifunga breki ukiwa umelala chini ya gari lenye tani hamsini. Jiwe la ukubwa wa embe si kabari.

Tela imekataa kuondoka

Anzia kwenye dashibodi. Geji zinasoma ngapi? Vichwa vingi hukaa baa 8 kwenda juu vikiwa vimejaa. Kama upepo uko baa 4 au 5 na alamu inalia, usiguse tela kwanza. Springi zinabana kwa sababu hazina cha kuzikandamiza. Washa injini, pandisha mizunguko kidogo, tazama saa. Kipimo wanachofundishwa madereva wa Marekani ni kwamba upepo upande kutoka psi 85 hadi 100, yaani kama baa 6 hadi 7, ndani ya sekunde 45. Kama geji inapanda vizuri ukiwa umefunga hendibreki ya tela, na inashuka mara unapoifungua, uvujaji uko upande wa tela. Kama haipandi kabisa hata tela ikiwa imetengwa, tatizo ni la kichwa: mkanda wa kompresa, kompresa yenyewe, au draya (kikausha upepo) iliyokwama wazi inayotoa upepo nje bila kuacha. Draya utaijua kwa sikio, inapumua chini ya kichwa mfululizo kama nyoka aliyekanyagwa.

Kama geji ni nzuri na tela bado imegoma, pita kwenye vitu vya kijinga kwanza. Sioni haya kuviita hivyo kwa sababu vimenipata. Vitufe vya ubavuni mwa tela: chekundu ni cha kuegesha, na mtu yeyote aliyepita pale mlipolala anaweza kuwa amekivuta. Tela za zamani zina koki kwenye mipira, mbele, karibu na koplingi, yaani viungo vinavyounganisha mipira ya kichwa na tela. Ikifungwa, upepo unaishia hapo. Koplingi nyekundu yenyewe inaweza kuonekana imekaa kumbe haijazunguka hadi mwisho. Mipira iliyobadilishwa na fundi wa haraka inaweza kuwa imepishana, ya njano imekwenda nyekundu. Koplingi nyingi zina meno ya kuzuia hilo, ila yakishalika yanaingia popote. Tela yenye busta za springi ikipishana itagoma. Tela kuukuu isiyo na springi itaondoka nawe vizuri kabisa, na hapo huna breki.

Nilipiga kambi Kintinku usiku mzima mwaka mmoja, nimefungua nusu ya valvu, na asubuhi mzee mmoja wa lori la kitunguu cha Singida akaja, akatazama, akakisukuma kitufe chekundu kwa kidole gumba. Hakunicheka mbele yangu. Alikwenda kucheka kwenye kibanda cha chai.

Kisha iko tela iliyoegeshwa siku nyingi. Ukisubiri mpakani au bandarini wiki mbili wakati wa mvua, viatu vya breki vinashikana na dramu kwa kutu. Upepo upo, fimbo za busta zimerudi ndani, lakini gurudumu halizunguki. Rudi nyuma kidogo, nenda mbele kidogo, taratibu. Likigoma, gonga dramu kwa nyundo pembeni, si usoni. Usilivute kwa nguvu kilomita nzima ukidhani litajiachia. Utakuta tairi limekuwa bapa upande mmoja.

Upepo unavuja, ila wapi?

Hapa sikio linatangulia spana. Jaza upepo, zima injini, zima redio, mwambie utingo anyamaze. Porini usiku ukimya ni zana, na bei yake ni mbu tu.

Sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza, breki ya kuegesha imefunguliwa na hakuna anayekanyaga pedali. Mara ya pili, utingo akanyage na kushikilia. Sauti inayotoka muda wote ni ya upande mwekundu: mpira mwekundu, koplingi yake, mitungi, valvu ya kutolea maji, au chumba cha springi. Sauti inayotoka anapokanyaga tu, na kukoma anapoachia, ni ya upande wa njano: mpira wa njano, au kiwambo cha mpira cha chumba cha mbele kimepasuka. Kwa kipimo, mtihani wa Marekani unaruhusu gari lenye tela kupoteza si zaidi ya psi 4 kwa dakika ukiwa umekanyaga, na 3 ukiwa hujakanyaga. Kwa geji zetu za baa hiyo ni kama robo ya baa. Sindano ikishuka unaiona kwa macho, huhitaji hesabu.

Kwa kuhakikisha, chupa ya maji yenye sabuni ya unga. Mwagia kila kiungo, povu likikua hapo ndipo.

Kuna uvujaji mmoja unaowapoteza hata mafundi. Upepo unatoka kwenye tundu la chini la rilei valvu (inayopokea amri ya mguu na kugawa upepo kwa busta), katikati ya tela, muda wote. Mtu ananunua rilei mpya kwa bei ya mbuzi wawili, anaifunga, na inavuja vilevile. Fanya hivi: funga hendibreki. Uvujaji ukikoma hapohapo, rilei yako ni nzima. Ubovu ni sili ya kati ya busta mojawapo. Upepo wa chumba cha springi unapenya kwenda chumba cha mbele, unarudi kwa mpira wake hadi rilei na kutokea huko. Ukifunga hendibreki chumba cha springi kinakuwa kitupu, kwa hiyo hakuna cha kuvuja. Ili kujua ni busta gani, matairi yakiwa na kabari, fungua breki ya kuegesha na ulegeze mpira wa chumba cha mbele wa busta moja baada ya nyingine. Inayopuliza upepo wakati hakuna mguu kwenye pedali ndiyo hiyo. Dakika ishirini, na fedha ya rilei imebaki mfukoni.

Mpira uliopasuka unaweza kuukata na kuunga kwa kiungio cha shaba ukiwa nacho. Sili ya koplingi iliyoliwa na vumbi inabadilishwa kwa mkono, ni kitu cha bei ya soda, na sielewi kwa nini madereva wanavuka mpaka bila kuwa nazo nne kwenye boksi. Vumbi la kwetu, hasa ukitokea njia za mchepuko, linaziba pia vichujio vidogo vya mipira ya tela. Hapo breki haivuji ila inachelewa, unakanyaga sasa, tela inashika baadaye.

Kuifunga springi kwa bolti, na siku yangu ya Saranda

Busta ikiwa imepasuka upande wa springi, gurudumu hilo halitafunguka. Ndipo bolti ya kuivuta springi inapotumika. Kwenye busta nyingi imechomekwa ubavuni. Unaitoa, unatoa kifuniko cha mpira mgongoni mwa busta, unaiingiza, unaizungusha robo ili ishike ndani, kisha unakaza nati mpaka fimbo irudi. Ukiweza kupata upepo hata kidogo upande huo, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Fanya kwa spana ya mkono, usikae mgongoni mwa busta, kaa ubavuni. Na ule mkanda wa chuma unaoshikilia vipande viwili vya chumba cha springi usiufungue, kwa sababu yoyote, hata fundi wa mtaani akikuambia ana uzoefu. Springi ile ina nguvu inayozidi uzito wa tani, ikiruka haibakizi uso. Busta mbovu inabadilishwa nzima.

Ukiifunga moja kwa bolti na kuuziba mpira wake, umebakiwa na nyingine, na kwa mwendo mdogo kwenye tambarare unafika gereji. Hapo nitasema tunalofanya kweli: ukiziba chumba cha mbele cha busta ya kushoto, iondoe na ya kulia ya ekseli hiyo hiyo, tela isivute upande mmoja. Ekseli moja kati ya tatu, basi. Si mbili.

Mimi nilifunga zote. Ilikuwa mwaka wangu wa tatu wa kuendesha, natoka ng'ambo na mzigo wa kurudi. Kiungo cha mtungi wa tela kilikuwa kimepasuka, upepo hauvuki baa 4, springi zinaburuza. Pale Manyoni nikazivuta zote kwa bolti, tela ikawa nyepesi kama tupu, nikajiona fundi. Toka Manyoni kuja Kintinku unashuka ukuta wa bonde la ufa, pale Saranda. Mguu wa kwanza ulishika. Wa pili ulishika nusu. Wa tatu mtungi ulikuwa mtupu, na sasa hakuna springi ya kuokoa kwa sababu nimeifunga mwenyewe kwa mikono yangu. Kilichotusaidia ni kwamba nilikuwa gia ya chini tangu juu, breki ya egzosi ikifanya kazi, na chini kulikuwa na mchanga upande wa kushoto. Tulizama hadi ekseli. Utingo aliteremka, akakaa chini ya mbuyu, hakuniongelesha mpaka Dodoma.

Kwa hiyo mtu akinipigia kuwa "nimezifunga zote mzee, naweza kwenda?", jibu langu ni hapana, hata kama gereji iko kilomita kumi. Zikiwa zote zimefungwa huna hendibreki ya tela na huna breki ya dharura. Kuondoa gari kwenye lami mita mia mbili, sawa.

Tela haishiki, inasukuma

Dalili zake: kichwa kinashika na tela inakuja nyuma kwa kishindo, breki za kichwa zinanuka na za tela ni baridi, umbali wa kusimama umerefuka, au ukishika kwenye barabara yenye mvua tela inataka kukupita ubavuni.

Jaribu kwanza kama amri inafika. Simama, jaza upepo, utingo akanyage na kuachia mara kadhaa. Kila akiachia, lazima usikie tela ikipumua kwenye rilei, "pshhh". Haipumui? Amri ya njano haifiki: koplingi ya njano, koki iliyofungwa, mpira uliojikunja, au valvu ya kichwani inayogawa upepo wa tela. Inapumua vizuri? Basi upepo unafika na tatizo ni la chuma.

Kwenye chuma, mshitakiwa wangu wa kwanza ni slaki zilizolegea. Chukua chaki na rula. Matairi yawe na kabari, breki ya kuegesha ifunguliwe, weka alama kwenye fimbo pale inapotokea kwenye busta. Utingo akanyage mpaka geji ya breki isome kama baa 6. Pima fimbo imetoka kiasi gani. Kwa busta ya kawaida ya namba 30, ambayo ndiyo nyingi kwenye tela, kikomo ni milimita 51. Namba 24 ni milimita 45. Za fimbo ndefu zina kikomo kikubwa zaidi na huandikwa. Ikizidi hapo, busta inasukuma mpaka mwisho wa chumba chake na nguvu inayobaki kwa dramu ni ndogo. Na hii ndiyo hatari yake: ukiwa umesimama pale Nala kwenye foleni ya mizani, breki inaonekana nzuri. Ukiteremka mlima, dramu inapata moto, inatanuka, inaenda mbali na viatu, na fimbo iliyokuwa imebakiza milimita tano inaishiwa nafasi.

Slaki ya mkono unaikaza mwenyewe. Sukuma kifungio chake ndani, zungusha bolti huku ukitazama kamshafti: ikizunguka upande ule ule inaozunguka breki ikishika, unakaza, kinyume chake unalegeza. Kaza hadi viatu viguse dramu, rudisha robo hadi nusu mzunguko. Zifanye zote, si moja, maana gurudumu lililokazwa peke yake litafanya kazi ya wenzake na kuungua. Slaki ya kujikaza yenyewe ni habari nyingine. Kama imelegea, kuna kitu kimeifanya ilegee: bushi ya kamshafti imekwisha, pini imelika, au yenyewe imekufa. Ukiikaza kwa mkono umepata nafuu ya kufika gereji, hujaitengeneza. Dereva anayenieleza kwamba anazikaza kila Jumatatu ananieleza kuwa ana slaki mbovu.

Tela nyingi zinazokalia springi za chuma (za kubeba bodi, si za busta) zina valvu inayopima mzigo, yenye mkono mwembamba uliofungwa kwenye ekseli. Jiwe likiukata mkono huo, valvu inaweza kudhani tela ni tupu na kuzipa breki upepo kidogo huku umebeba tani thelathini. Njiani unaweza kuufunga mkono juu kwa waya, kwenye nafasi ya mzigo. Ukishapakua ufungue, la sivyo tela tupu itafunga matairi kila ukigusa pedali.

Grisi kwenye viatu vya breki, kwa sababu sili ya haba (kitovu cha gurudumu) imepasuka, haioshwi kwa petroli. Lainingi imeshainywa. Badilisha, pande zote mbili.

Na uzito. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari zima, kutegemea idadi ya ekseli, na tani 24 kwa ekseli tatu za pamoja. Ukipakia "za njiani" juu ya hapo, breki nzima zinaweza kuonekana mbovu bila kuwa mbovu.

Gurudumu moja linatoa moshi

Usimwagie maji. Dramu ya moto ikipigwa na maji baridi inapasuka. Simama, weka kabari, na kama unaweza usifunge hendibreki ya tela mpaka ipoe. Dramu inaposinyaa ikiwa imebanwa inaweza kupata nyufa. Iwapo tairi limeanza kushika moto ni jambo jingine, hapo tumia kizimamoto, na maji mengi pia.

Tofautisha breki na beringi. Joto la breki liko kwenye ukingo wa dramu, la beringi liko katikati ya haba, na mara nyingi grisi imerukia rimu. Likishapoa, inua kwa jaki ulitikise gurudumu juu na chini: likicheza, ni beringi, na hapo usiendelee hata kilomita moja. Kama ni breki, tazama springi ya kurudisha viatu imekatika, kamshafti imekwama kwa matope (ukipita mbuga ya Wembere masika utanielewa), slaki imekazwa kupita kiasi, au mpira wa upepo umebomoka kwa ndani. Huo wa mwisho ni mjanja: unapitisha upepo kwenda na kuukatalia kurudi. Legeza kiungo chake; upepo ukitoka kwa kishindo na gurudumu likajiachia, mpira ndio mwizi.

Taa ya ABS

Ikiwaka, breki za kawaida zinafanya kazi, ila matairi yanaweza kujifunga ukishika ghafla. Kagua kebo kati ya kichwa na tela, plagi zimejaa vumbi na maji, kisha nyaya za vihisi kwenye haba. Punguza mwendo, endelea, tengeneza utakapofika.

Milimani, na upande wa pili wa Rusumo

Ukienda magharibi, Sekenke unaiteremka kuelekea Shelui. Ukirudi, Saranda. Ng'ambo ya Rusumo milima haikuachi tena mpaka Kigali, na huko mnaendesha kulia wakati usukani wako uko kulia. Unapata faida ya kushukia nje ya barabara gari likiharibika, lakini huoni mbele unapotaka kulipita gari jingine, kwa hiyo unaishia nyuma ya lori la polepole ukishika breki bila kukusudia. Dramu zinachemka hivyo hivyo.

Chagua gia ukiwa juu, kabla ya mteremko. Breki ya egzosi au ritada (kipunguza mwendo kisichotumia breki za magurudumu) iwashwe. Breki ishike kwa nguvu ya kutosha kupunguza kama kilomita kumi kwa saa, uachie, iache ipate hewa, urudie. Kuilaza mguu juu ya pedali muda wote kunachoma. Usiipampu kama gari dogo lenye breki za mafuta. Kila pigo ni upepo unaomwagika. Na nyutro ya kubana mafuta, achana nayo.

Ikitokea haishiki kabisa, usijaribu kushusha gia kwa pupa, utakwama nyutro. Baki kwenye gia uliyo nayo, egzosi, honi, taa, na utafute mchanga, kichaka au ukuta wa udongo upande wa mlima mwendo ungali mdogo. Kuamua mapema kuharibu bampa ni nafuu.

Ukiharibikia ng'ambo, usiguse sili ya forodha kwenye mzigo wa transiti wala usihamishie mzigo gari jingine bila forodha ya nchi hiyo kuwapo. Piga simu kwa wakala wako kwanza, halafu fundi. Kadi ya njano ya bima iwe karibu. Mafundi wa Rwanda, Burundi na Kongo mashariki utaelewana nao kwa Kiswahili, ila kwa muuza vipuri anayetumia Kifaransa busta inaitwa poumon, yaani pafu. Jina zuri kuliko letu. Taja namba iliyo kwenye busta na urefu wa fimbo, maana mpya huja na fimbo ndefu inayokatwa kulingana na ya zamani, na fundi akiikata kwa makadirio slaki itakaa kwa pembe mbaya.

Kwenye boksi langu kulikuwa na: busta moja kamili, bolti mbili za springi, sili za koplingi, mpira mwekundu na wa njano, viungio vya shaba, plagi za kuzibia, chaki, chupa ya sabuni. Mitungi tuliimwaga maji kila asubuhi, na yakitoka na oili nilijua kompresa inaanza kuchoka.

Ukishatengeneza, usiingie barabarani moja kwa moja. Jaza upepo, zima injini, sikiliza dakika moja. Tembea mita ishirini, shika breki ya tela peke yake kama kichwa kina mkono wake, kama hakina vuta hendibreki kidogo kidogo. Usipohisi kuvutwa nyuma, rudi chini ya gari. Kilomita kumi za kwanza nenda taratibu, simama, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila dramu bila kugusa. Zote ziwe na joto linalofanana. Iliyo baridi kabisa nayo ni ya kukaguliwa, na hiyo ndiyo ninayoomba unipigie, hata kama ni saa nane usiku.